Daftari limenisuta leo

Asubuhi natafuta kadi ya kliniki ya mtoto. Nikavuta begi la chini ya kitanda, likatoka kaunta buku langu la kuandikia mambo yangu.

Jamani. Mara ya mwisho kuandika ni Machi 2023!

Enzi zile nafundisha Sengerema, nakaa Mwanza. Nilikuwa naandika kwenye foleni ya kivuko pale Busisi, karanga mapajani. Kisha mimba, uhamisho, msiba wa baba... kalamu ikalala.

Sentensi ya mwisho haijaisha:
"Baba kapiga simu, anasema nikifika nyumbani ni"

Basi. Honi ya kivuko ililia, nikafunga daftari.

Alisema nikifika nifanye nini? Nimekaa sakafuni karibu nusu saa nikijaribu kukumbuka. Wapi!

Siku hizi daraja lipo, tangu 2025, watu wanavuka kwa dakika chache tu. (Sijui wanaandikia wapi.)

Sikuimalizia ile sentensi. Nimeruka mstari, nikaandika tarehe ya leo. Mtoto naye kachorachora pembeni kwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia.

Nyie mliowahi kuacha kuandika, mlianzia wapi tena?