Nilivyokiwezesha kigarimoshi changu cha mvuke kuvuta mabehewa bila kuigusa vali ya usalama

Kila ninapozungumza na watu wanaoendesha vichwa vidogo vya treni vinavyotumia mvuke halisi, ushauri wa kwanza ninaopewa ni ule ule: ukitaka kichwa chako kivute zaidi, weka springi ngumu kwenye vali ya usalama ili presha ipande. Ushauri huu unaniudhi kwa sababu mbili. Kwanza ni wa hatari, kwani vali hiyo ndiyo inayoikinga boila isipasuke, na anayeikaza bila kuipima boila yake kwa presha ya maji baridi anawaweka hatarini watoto waliosimama bustanini kutazama. Pili, kwa kichwa cha aina niliyo nayo hausaidii chochote, na nitaeleza kwa nini.

Kichwa changu ni Mamod SL1, kichezeo kilichoundwa hapa Uingereza ninakoishi, kinachokwenda kwenye reli zenye upana wa milimita 32. Nilikinunua kikiwa kimechakaa, kwa fedha ambazo familia ndogo ingezimaliza kwa chakula cha jioni mkahawani. Mimi ni mtu wa Voi, na tangu utotoni nilisikia wazee wa reli wakizitaja injini kubwa za mvuke za Garratt za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki, zile 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Mmoja wao, Mount Gelai, umehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, na ukiutazama kando ya magurudumu utaona fito na mikono inayoendesha vali za silinda. Kichezeo hiki hakina hata kimoja cha vyombo hivyo. Silinda yenyewe huyumba kwenye pini yake, na katika kuyumba huko tundu lililo usoni pake hukutana kwa zamu na tundu la kuingizia mvuke na lile la kuutolea, yaliyotobolewa kwenye bamba lililo nyuma yake. Kinachouzuia mvuke usipenye kati ya nyuso hizo mbili ni usawa wake tu, pamoja na springi ndogo inayoivuta silinda iegemee bamba.

Hapo ndipo ushauri wa kuongeza presha unapoanguka. Presha ikizidi, mvuke huishinda ile springi, huisukuma silinda kutoka kwenye bamba na kutokea pembeni bila kufanya kazi yoyote. Ukiikaza springi ili kuuzuia, silinda inakuwa nzito kuyumba, na nguvu uliyoipata inaliwa na msuguano. Nguvu ya kichwa cha namna hii haiko katika mvuke mkali, bali katika mvuke usiopotea.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kuzisawazisha nyuso hizo, na hapa kuna ugumu ambao wengi hawausemi. Kwa kawaida uso wa shaba husawazishwa kwa kuusugua juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo kinene, lakini pini ya silinda imechomoza katikati ya uso unaotaka kuusugua, kwa hiyo haulali. Niliambiwa niing'oe pini, nami sikukubali, kwa sababu pini ikirudi imepinda hata kidogo silinda haitakaa sawa tena. Nilichukua kipande cha bapa la chuma kinene, kilichonyooka kabisa, nikakitoboa tundu pana kuliko pini, nikagundisha juu yake msasa laini sana wenye tundu la ukubwa huo huo. Pini ikazama ndani ya tundu, uso ukalala juu ya msasa, na kwa kuwa tundu ni pana, niliweza kuizungusha silinda kwa mwendo mdogo wa namba nane, huku tone la mafuta likichukua vumbi la shaba. Kabla ya kuanza niliupaka uso wino wa kalamu usiofutika. Baada ya misuguo michache wino ulikuwa umefutika ukingoni tu, huku katikati, kulizunguka tundu la mvuke, ukiwa mzima, dalili kwamba uso ulikuwa umelika kwa miaka mingi ya kazi. Niliendelea taratibu, bila kukandamiza, mpaka wino wote ukatoweka kwa pamoja. Furaha niliyoipata wakati ule siwezi kuificha. Bamba nalo nililisawazisha kwa namna hiyo hiyo.

Baada ya kuunganisha, sikuwasha moto. Vali ya usalama ya kichwa hiki ndiyo pia kizibo cha kujazia maji, kwa hiyo niliifungua, nikafunga hapo mpira wa pampu ya baiskeli, nikapaka maji ya sabuni ya vyombo kuzunguka silinda na kupiga pampu polepole. Mapovu yalionyesha hasa mahali hewa inapotoka. Nilikaza nati ya springi robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikaacha pale pale mapovu yalipokoma, na magurudumu yakazunguka kwa pumzi ya pampu peke yake. Anayefanya kazi hii asiruke hatua hii, kwa maana mvuke wa moto hauonyeshi uvujaji wazi kama sabuni.

Moto ulikuja baadaye. Nilishawishiwa kuondoa kichomeo cha asili na kuweka cha gesi, na siku ya kwanza, asubuhi ya baridi, mwali ulinyauka kabla ya maji kuchemka. Niliambiwa kichomeo ni kibovu, ninunue kingine. Hakikuwa kibovu. Gesi hiyo ni butani, nayo huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, na inapogeuka kuwa gesi hulipoza tangi lake lenyewe, kwa hiyo karibu na kiwango hicho tangi halina presha ya kulisha mwali. Nililihamishia tangi kwenye kibehewa cha nyuma, ndani ya kikopo cha maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida, na mwali umesimama imara tangu siku hiyo. Maji ya moto yasitumike kamwe.

Boila niliivika vipande vya mbao nusu ya juu tu, kwa kuwa nusu ya chini ndiyo inayolambwa na moto. Niliongeza pia kikombe cha mafuta kwenye bomba la mvuke: mvuke kidogo huingia humo na kuwa maji, maji huzama, mafuta hupanda na kuondoka na mvuke kuelekea silinda. Bila mafuta hayo nyuso nilizozisawazisha zingelika upya. Maji natumia ya mvua yaliyochujwa, kwa sababu ya bomba huku yana chokaa nyingi, na nayapima kwa sindano ya hospitali ili gesi iishe kabla yake, kwani boila kavu juu ya moto huharibika upesi.

Sasa kichwa kinavuta mabehewa manne yaliyojaa kokoto kuizunguka bustani, kwa mwendo wa utulivu ambao mzigo wenyewe unausaidia, kwa sababu kikiwa peke yake hukimbia kupita kiasi na kuruka reli kwenye kona. Vali ya usalama ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani.