Ukija Lyon kwenye sikukuu ya taa, usije na gari, nakuomba

Kila ikifika mwezi wa kumi na moja simu yangu inaanza kuita. Binamu yuko London, rafiki wa zamani wa Tanga yuko Paris, shemeji na familia yake wako Brussels, wote wanataka kuja kuona Fête des Lumières, yaani sikukuu ya taa ya hapa Lyon, Ufaransa, kila Desemba, na wote swali lao la kwanza ni lilelile, eti tupaki wapi. Nimeamua niandike hapa mara moja ili mwakani nitume linki tu nikalale.

Kwanza tuelewane kuhusu huu mji. Lyon ina mito miwili, Rhône na Saône, na katikati ya hiyo mito kuna kipande cha ardhi kirefu chembamba kinaitwa Presqu'île, ndio mjini penyewe, maduka, Place Bellecour, Place des Terreaux, vyote viko hapo. Upande wa pili wa Saône kuna mji wa kale, Vieux Lyon, na kanisa kuu la Saint-Jean, na juu yake kilima cha Fourvière. Upande wa pili wa Rhône ndio tunakoishi watu wa kawaida, Guillotière, Part-Dieu, na ukisogea zaidi Villeurbanne kwetu. Kwa hiyo kila kitu ni madaraja. Siku za kawaida huoni tofauti, unavuka tu unapotaka. Ila ule usiku wa taa madaraja mengine wanayafunga kwa magari, mengine watu wanapita kwa uelekeo mmoja tu, na kabla ya kuingia kuna geti unakaguliwa begi, hapo ndo unajua kama umekaa upande sahihi wa mto au umeula wa chuya.

Mimi nilijifunza hivi kwa ajili ya mama mkwe.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 8 Desemba 2018. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga, baridi yake ya kwanza Ulaya, kafikia kwa shemeji Brussels. Shemeji akasema atamleta Lyon aone taa, nikasema sawa, njooni na treni maana iko ya moja kwa moja mpaka Part-Dieu. Aa, hataki. Kakodi apatimenti ya wikiendi karibu na Place des Jacobins, katikati kabisa ya Presqu'île, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyefanya bonge la dili, "shemeji, tutakuwa tunaangalia taa dirishani." Mwenye apatimenti kapokea hela zake na wala hakumwambia kwamba jioni hiyo gari haifiki mlangoni. Mi nilimwambia. Nilimwambia mara mbili. Si unajua ndugu wa kiume mwenye gari mpya, ukimwambia acha gari ni kama umemwambia avue viatu.

Basi wakaja, siku nzima barabarani, na zilikuwa Jumamosi zile za vizibao vya njano, watu wameziba mizunguko ya barabara nchi nzima kupinga bei ya mafuta, kwa hiyo tayari wamechelewa. Wakaingia kutokea kaskazini na A6, ambayo ikikaribia mji inaitwa M6, na ukitokea kaskazini ukaifuata hiyo njia mpaka mwisho unaishia kwenye handaki la Fourvière. Hili handaki lilifunguliwa mwaka 1971, halifiki hata kilomita mbili, linapita chini ya kilima na kukutema Perrache katikati ya mji, na foleni yake inajulikana Ufaransa nzima, kila likizo linatajwa redioni kama jina la mtu. Siku ya kawaida linakera. Siku ya taa ni kama Kilwa Road siku ya Sabasaba, tofauti yake hapa huna muuza maji wala karanga dirishani.

Wakatoka handakini saa moja na nusu usiku hivi. Kufika Perrache wanataka kukata kwenda Bellecour, vizuizi, polisi, matofali makubwa ya zege barabarani. Askari kawaonyesha mkono tu, endelea mbele. Mbele ni wapi? Mbele ni M7, ile A7 ya zamani, inashuka kusini kuelekea Marseille! Shemeji kanipigia simu amechanganyikiwa kabisa, ramani ya simu inamwambia geuka kulia na kulia kuna basi la polisi. Nyuma nasikia sauti ya mama, ametulia tu, anauliza, "Mwanangu, kwani mji umefungwa?"

Nikamwambia shemeji nisikilize, sahau apatimenti, shuka na hiyo M7, tafuta ile barabara ya pete inayozunguka mji kwa mashariki, boulevard périphérique, panda nayo mpaka Cusset, njoo upaki kwetu Villeurbanne. Dakika arobaini baadaye wakawa mlangoni. Mama kanywa chai, kavaa soksi zangu mbili juu ya zake, koti la mume wangu, kitenge juu ya koti, akasema haya twende, sijatoka Tanga kuja kuangalia ukuta.

Sasa hapa ndo sehemu ya muhimu kwa wewe unayepanga, soma vizuri. Tukapanda metro A pale Gratte-Ciel. Wageni wote wanapanda hiyo metro na wanataka kushuka Hôtel de Ville au Cordeliers au Bellecour, katikati ya fujo, na jioni hizo vituo vya katikati kuna saa vinafungwa au treni inapita bila kusimama, ukishangaa umeshafika usikokujua. Sisi tukashuka Foch, kituo cha mwisho kabla metro haijavuka Rhône. Ukitoka Foch mtaa umetulia kabisa, unatembea dakika chache unafika mtoni, unavuka Pont Morand kwa miguu, geti liko upande wa pili, unakaguliwa, umeingia na Terreaux iko pua na mdomo. Ukiwa unatokea kusini na metro D, kanuni ni hiyohiyo, shuka Guillotière au hata Saxe-Gambetta, uvuke daraja na miguu yako. Usishuke Vieux Lyon jioni ya Jumamosi na mtoto wala na mzee, vichochoro vya kule ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe Zanzibar, watu wakijaa hata kugeuka huwezi.

Na kushuka Foch kulitupa kitu ambacho sikukitarajia. Zile nyumba za zamani za mtaa wa sita, madirisha marefu, karibu kila ghorofa mtu kapanga mishumaa midogo kwenye vibilauri vya kioo, vingine vya rangi, vinaitwa lumignons. Mama akasimama. Akauliza hizi za nini, nikamwambia hizi ndo mwanzo wa sherehe yenyewe, zile za mjini za mitambo ni za juzi tu. Mwaka 1852 walikuwa wanasimamisha sanamu ya Bikira Maria juu ya kile kilima, sherehe ilipangwa tarehe 8 Septemba, mto Saône ukafurika ukaingia kwenye karakana ya mchongaji, sanamu haikuwa tayari, wakasogeza mpaka tarehe 8 Desemba. Siku yenyewe ikaja tena dhoruba, wakubwa wakataka kuahirisha fataki, jioni mbingu ikatakata, na watu bila kuambiwa na mtu wakaweka mishumaa madirishani mji mzima. Mama, ambaye ni Muislamu wa swala tano, akacheka akasema kumbe hata wenyewe mto uliwavurugia ratiba. Kafurahi zaidi na hayo madirisha kuliko vyote alivyoona usiku ule, na mtaani akanunua vibilauri viwili akavifunga kwenye mtandio.

(Kumbuka mishumaa ya madirishani ni ya tarehe 8 hasa. Sherehe ya mji huwa siku nne, tarehe zinasogea kidogo kila mwaka lakini 8 lazima iwemo. Ukija siku nyingine utaona mapicha yanayotembea ukutani lakini madirisha mengi yatakuwa giza. Na ukiweza kuchagua usichague Jumamosi, wanakuja watu karibu milioni mbili kwa siku hizo zote na naamini nusu yao wanakuja Jumamosi.)

Tukaingia Terreaux. Kwa kweli ni pazuri, jengo la manispaa na makumbusho vinageuka rangi, ukuta unapasuka, unatiririka maji ya taa, watoto wanapiga kelele. Dakika kumi, robo saa, inarudia tangu mwanzo. Halafu unataka kutoka ulikoingia na huwezi! Wamepanga watu kama magari, uelekeo mmoja, unaingilia huku unatokea kule, ukisimama unasukumwa taratibu. Sisi tukabebwa na umati kwenda kusini mpaka kanisa la Saint-Nizier, mama kanishika mkono, magoti yake nayajua, nikawa naomba Mungu asichoke. Hilo ndilo nataka mlielewe, kuingia si kazi, kazi ni kutoka. Kila mtu anapanga kufika, hakuna anayepanga kurudi, saa sita usiku wote wanaenda kujazana kwenye ngazi za metro Bellecour, na baridi ile, na mtoto amelala begani.

Kwa hiyo panga kutoka kabla hujaingia. Sisi hatukungoja mwisho. Tukakatisha kwenda mtoni, tukavuka Pont Lafayette, tukatembea pole pole mpaka Saxe-Préfecture tukadandia tramu ya T1 mpaka Charpennes, halafu vituo viwili vya metro tupo nyumbani. Siti tulipata. Mama kalala mpaka Charpennes.

Apatimenti ya Jacobins haikulaliwa na mtu na hela haikurudi, shemeji mpaka leo ukiitaja anabadilisha mada.

Haya mengine nasema haraka. Ukitokea uwanja wa ndege wa Saint-Exupéry kuna tramu ya Rhônexpress, nusu saa hivi uko Part-Dieu, na hoteli za Part-Dieu ndo ninazowapendekezea watu wote, uko nje ya vizuizi lakini mjini unafika hata kwa miguu. Kama gari haiepukiki, labda mnatoka kijijini au mna mtu mgonjwa, basi iacheni mbali kwenye yale maegesho ya pembeni mwa metro, Parilly au Vénissieux kwa wanaotokea kusini, Vaise kwa wanaotokea kaskazini, Laurent Bonnevay au La Soie kwa mashariki, na mfike mchana maana jioni yanajaa. Na msipite handaki la Fourvière, zungukeni na A46. Teksi haikufikishi ndani, usidanganywe. Na siku hizi hata bila sherehe, tangu 2025 sehemu kubwa ya Presqu'île ni ya wakazi na wenye ruhusa tu, kuna vinguzo vinachomoza katikati ya barabara, ukibisha vinakutoboa.

Watakaopaki Vaise wana bahati moja ambayo wageni hawaijui. Kuna handaki la Croix-Rousse, na tangu 2013 pembeni yake kuna bomba la pili la mabasi, baiskeli na watembea kwa miguu peke yao, kama kilomita moja na nusu na ushee, linatoboa kilima kutoka Saône mpaka Rhône. Ndani hamna upepo, ukutani kuna picha za taa, na unatokea upande wa pili bila kugusa umati. Usiku mwingine naona ni pazuri kuliko hata Terreaux, ila mume wangu anasema nimezidi.

Kukutana: watu wa Lyon wakiahidiana wanasema tukutane chini ya mkia wa farasi, yaani ile sanamu ya mfalme Louis XIV juu ya farasi pale Bellecour. Msikubali. Usiku wa taa watu wote wa Lyon wako chini ya ule mkia na mtandao wa simu unagoma, utamtafuta mtu mpaka alfajiri. Kutaneni nje ya vizuizi, mlango wa metro Foch, au kwenye kona ya Saxe-Gambetta mbele ya duka mnalolijua.

Vaeni. Sio koti la Instagramu, vaeni kweli. Viatu viwe vya kutembea, maana mtatembea kilomita nyingi bila kujua, na kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, mbebeni mgongoni kwa kanga kama tulivyobebwa sisi, polisi getini watawapenda.

Shemeji mwaka huu amekata tiketi za treni mwenyewe bila kulazimishwa, nikafurahi sana. Jana usiku kanipigia tena. "Shemeji, nikishuka Part-Dieu si naweza kukodi kagari kadogo tu ka kuzungukia?"

Sijamjibu bado.