Kompyuta inaganda dakika chache baada ya kuwaka: nilivyoifuatilia hadi kwenye sloti ya RAM

Mashine ilikuwa ya mezani, mtumba wa Uingereza, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbili za aina ya DDR3 za GB 4 kila moja, kutoka ofisi ya madrasa huko Kisauni. Inawaka vizuri, inaingia Windows, halafu baada ya dakika tano au kumi picha inaganda. Ilikuwa imeshapigwa Windows mpya, na kasoro ikabaki vilevile. Wengi huanza na Windows kwa sababu ndiyo inayoonekana, ilhali kuna vipimo viwili vya bure vya kufanya kabla hujashika bisibisi.

Cha kwanza ni Caps Lock. Kompyuta ikiganda, bonyeza kitufe hicho mara kadhaa utazame taa yake kwenye kibodi. Taa ikiitikia na kipanya kinatembea, ila ukibofya hakuna kinachofunguka, prosesa (ubongo wa kompyuta) iko hai na inangoja kitu. Mara nyingi ni diski mbovu au kebo yake ya data (SATA) imelegea. Taa isipoitikia, na sauti iliyokuwa ikicheza imebaki kukwaruza palepale, mashine nzima imesimama. Yangu ilikuwa hivi.

Cha pili ni kuingia BIOS, programu ya msingi ya mashine inayotangulia Windows (bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP za ofisini inapowaka), na kuiacha hapo nusu saa bila kugusa kitu. Ndani ya BIOS hakuna Windows, hakuna draiva, hakuna kirusi, na diski haina kazi. Ikiganda humo, kupiga Windows ni kupoteza muda. Iliganda humo.

Zilibaki joto, umeme, RAM na mazabodi (bodi kuu). BIOS ilionyesha prosesa nyuzi 71, wakati hapo 40 hadi 55 ndiyo kawaida. Feni ilizunguka, lakini chini yake vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu likawa utando, hewa haipiti. Nililitoa kwa brashi na blowa (shikilia feni kwa kidole, isizungushwe na upepo), nikafuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka na kuweka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa. Joto likashuka hadi 48. Bado ikaganda. Sikushangaa sana: prosesa ikizidiwa na joto kwanza hupunguza kasi, na likipita kiasi mashine hujizima. Kuganda na picha imebaki kwenye skrini mara nyingi ni habari nyingine.

Umeme haukuchukua muda. Multimita kwenye DC volti 20, mashine ikiwa inafanya kazi, kwenye plagi ya pini nne: waya wa manjano lazima usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Vyote vilikuwa sawa. Nilikagua pia kapasita kando ya prosesa. Iliyovimba kichwa au kuvuja ungeiona kwa macho. Pawa saplai yenyewe usiifungue hata ukiwa umechomoa plagi, kapasita zake kubwa hushika zaidi ya volti 300.

Kwenye RAM ndipo kazi ilipokuwa. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, ndipo utoe RAM. Usizijaribu zote mbili pamoja. Weka moja kwenye sloti (nafasi ya kuchomekea RAM) ya kwanza, iache mashine ndani ya BIOS. Kisha ihamishie ya pili. Kisha rudia kwa nyingine. (Baadhi ya mazabodi hukataa kuwaka sloti ya kwanza ikiwa tupu, hii ilikubali.) RAM yoyote niliyoiweka sloti ya kwanza iliganda, na zote mbili zilikaa salama kwenye ya pili. Basi RAM ni nzima, mgonjwa ni sloti.

Nilimulika kwa tochi ya simu: pini kadhaa zilikuwa na kutu ya kijani. Hii ndiyo hewa yetu ya pwani. Chumvi na unyevu hupenya pale dhahabu ilipochubuka, shaba ya chini ikashika kutu. Asubuhi bodi ikiwa baridi pini hugusana kiasi cha kuwaka. Ikipata joto chuma hutanuka kidogo, mguso unapotea, prosesa inasoma takataka na kusimama.

Nilitumia mswaki laini na isopropili ya asilimia 99, nikisugua kufuata urefu wa sloti, kisha blowa, kisha kungoja dakika ishirini. Spiriti ya kidonda iache, ina maji na mara nyingine mafuta. Meno ya RAM niliyafuta kwa raba nyeupe ya penseli, kutoka juu kuelekea ukingoni, nikimalizia na isopropili. Usithubutu msasa, dhahabu ile ni nyembamba mno.

Nikarudisha RAM zote mbili, nikawasha MemTest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi na kuiacha usiku kucha. Hata kosa moja jekundu lingemaanisha kurudia, au kuiacha sloti ile na kuweka GB 8 moja kwenye ya pili.

"Sasa niifunike kwa nailoni, vumbi lisiingie?" akauliza maalim.

La, maalim. Nailoni hufungia unyevu ndani. Ipandishe kutoka sakafuni, iweke mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na hata madrasa ikifungwa iwashwe kwa muda wa saa moja kila wiki ili ijikaushe.