Koti la Udi

"Mama, unajuaje kwamba imefika?"

Binti yangu aliniuliza hivyo juzi, tumeinamia sufuria ya udi, sukari imeshaanza kugeuka rangi ya asali. Nikamwambia, pua. Akasema pua si jibu. Kweli si jibu, lakini ndilo nililokuwa nalo, na papo hapo nikamkumbuka yule mzee wa karibu na Segonzac, kwenye mashamba ya mizabibu ya Cognac, Ufaransa.

Ilikuwa Februari. Wageni wangu wanne walitaka konyaki, kile kileo kikali kinachopikwa kutokana na divai, ya Cognac kwenyewe (siyo Konyagi ya Dar es Salaam, japo jina limetoka huko huko), tena kwa mkulima anayepika mwenyewe, si kwenye nyumba kubwa za mjini zenye tiketi. Mwezi ulikuwa mzuri. Kwa sheria, upishi lazima uishe ifikapo tarehe 31 Machi baada ya mavuno; ukija Mei utaonyeshwa shaba iliyopoa. Ila ukija wakati moto unawaka, ujue unamwingilia mtu kazini. Unapiga simu siku kadhaa kabla, unasema mko wangapi, na unauliza saa gani hutamkera.

Garini niliwahubiria wageni kama kawaida yangu. Msijipake manukato. Mkipewa bilauri, anzeni kuinusa ikiwa usawa wa kifua, kisha kidevuni, kisha ndipo puani, kwa sababu ukizamisha pua mara moja kileo kinaiziba na umeshajiharibia saa nzima. Kutema si utovu wa adabu. Mimi situmii, kazi yangu ni pua tu na usukani. Niliyasema yote hayo nimevaa koti nililolifukiza Ijumaa, limening'inia juu ya chetezo mpaka moshi ukapita kwenye bitana.

Sikulifikiria hata kidogo. Udi wako mwenyewe huusikii.

Ndani mlikuwa na joto la jikoni. Mtungi wa shaba ulikaa juu ya tanuri la matofali, kofia yake imevimba kama kitunguu, shingo ya batamaji inapinda kushuka hadi kwenye pipa la maji baridi ambamo mrija umejizungusha kama nyoka. Pembeni, kitanda cha kamba. Msimu wa kupika mzee analala pale pale, kwa sababu moto haujui usiku.

Divai yenyewe ni nyembamba na kali, kileo asilimia tisa hivi, zabibu za aina ya Ugni Blanc, haitiwi salfa kwa kuwa salfa ikipikwa inakolea na kuharibu harufu. Mpiko wa kwanza unatoa kitu cha maziwamaziwa, karibu asilimia 30. Mitungi mitatu hivi ya divai ndiyo inayotoa cha kujaza mtungi mmoja wa mpiko wa pili, ambao hauruhusiwi kupita lita 2,500. Huo wa pili, unaochukua muda wa saa kumi na mbili, ndio wenyewe. Kinachotoka mwanzo ni kichwa: kikali, kinachoma macho, kinatengwa. Kisha unatoka moyo, mweupe kama maji ya mvua, unaoanza juu ya asilimia 75 na kuteremka polepole. Ukikaribia 60 ndipo unapokatwa, na kinachofuata kinarudishwa kupikwa upya. Ukikata mapema umejipunja. Ukichelewa dakika chache, harufu nzito inaingia kwenye moyo, na pipa haliitoi. Litaificha tu.

Mzee alikuwa amewasha moto saa mbili asubuhi. Tulifika saa kumi kasoro. Akainama kwenye mchirizi, akakinga tone kiganjani, akasugua, akanusa. Akanyanyua kichwa. Akanusa tena. Akageuka taratibu kututazama mmoja mmoja, na macho yakaishia kwangu.

"Madame," akasema, kwa upole uliozidi kunitia aibu, "koti."

Nikatoka nalo. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nililitundika kwenye nguzo ya mizabibu, mbali, upande unaokwenda upepo, nikarudi nikasimama mlangoni nikitetemeka na sweta. Ukuta wa ghala la mapipa mbele yangu ulikuwa mweusi tii, na vigae vyake pia, kama nyumba iliyoponea moto. Wageni wengi hudhani ni uchafu. Ni kuvu, jina lake Baudoinia compniacensis, linalostawi kwa kileo kinachovukiza kutoka kwenye mipasuko midogo ya mwaloni. Karibu asilimia mbili ya kila pipa hupotea hewani kila mwaka. Wenyewe huita fungu la malaika. Nilikuwa natazama malaika wameacha masizi.

"Njoo," akaniita.

Akanikingia tone. Nikasugua viganja, nikasubiri kileo kiruke, nikanusa. Maua, peari, kitu kama ganda la ndimu. Baada ya dakika akanipa jingine. Maua yale yale, lakini chini yake kitu kimelegea. La tatu: kabichi iliyochemshwa jana. Kidogo sana, kama mtu amepita nayo barazani. Shangazi aliyenifundisha kupika udi alikuwa akisema sukari hutangulia kunong'ona kabla haijaungua. Nikasema, "Sasa."

Bomba likageuzwa.

Hapo ndipo sina uhakika mpaka leo. Kipimo cha kioo kilichokuwa kikielea kwenye kikombe cha shaba kilisimama kwenye 60, au nywele moja juu yake. Na mkono wake, nadhani, ulikuwa umeshashika bomba kabla sijafumbua mdomo. Sikumuuliza. Angejibu kiungwana, na jibu la kiungwana lisingenisaidia.

Kuonja kulikwenda haraka: changa kwanza, kongwe mwisho, bilauri nyembamba za tumbo dogo, matone ya maji kwa anayetaka. VSOP, daraja la umri ambalo kileo kichanga kuliko vyote kwenye mchanganyiko wake lazima kiwe kimekaa pipani miaka minne, kisha XO, daraja la juu zaidi, inayodai kumi tangu 2018. Wageni wakanunua chupa sita. Mmoja alisahau kutema na akalala njia nzima.

Mzee alitusindikiza hadi nje. Kwenye nguzo akasimama, akalishika koti kwa ncha ya mkono, akaliweka usawa wa kifua. Kisha kidevuni. Kisha puani, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko alivyokaa na XO yake.

"Hii imekaa miaka mingapi?" akauliza.

"Tangu Ijumaa," nikamwambia.