Mwenye Mkondo Wamelala

Desemba 2016 tulikuwa wanne, tumemaliza kidato cha nne na tunasubiri matokeo. Kila jioni tulikutana barazani kwa bibi yangu, Chikongola, Mtwara mjini, na kauntabuku moja. Humo tulikuwa tunaunda nchi yetu wenyewe: mto mkubwa kama Ruvuma, miji, vita, bei ya chumvi. Kila mtu alikuwa na fungu lake. Mimi nilipewa miungu na mizimu, nadhani kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Ugomvi ulizuka kwenye sentensi fupi: "Mwenye Mkondo amelala chini ya mto." Mwenzetu mmoja alikuwa na rafiki Marekani, waliyejuana mtandaoni, aliyekubali kutuchorea ramani. Alipokuwa anamtafsiria akakwama hapo. "Niandike he au she?"

Tukatazamana. Mwenye Mkondo alishameza mitumbwi, alishakasirika, alishalia msimu mzima, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kumbe mmoja alikuwa akimwona mzee wa ndevu, na mimi miaka yote namwona mama wa makamo mwenye chale usoni, kama vikongwe wa Kimakonde niliowaona utotoni Newala.

"Weka it, yaishe," akasema wa tatu. Nikapandwa na hasira. It ni meza!

Wa nne, mtoto wa kanisani, alikuwa anafunua kurasa kimyakimya. Akatusomea: huku nimeandika "mzimu unalia", kule "mzimu analia". Akaongeza kwamba hata kwenye Biblia Mungu ni yeye, lakini amri inasema "Usiwe na miungu mingine ila mimi". Mingine, kama mikeka. Nikaona aibu, maana nilipokagua niligundua mizimu niliyoipenda nimeipa a-, na ile ya kutisha watoto tu nimeiachia u-. Kiume na kike havikunishughulisha kabisa. Nilichokuwa nagawa ni utu.

Bibi alikuwa pembeni anabangua korosho, vidole vimeshika weusi. "Mnamgombania nani?"

Nikamsomea ile sentensi. Akakunja uso.

"Ukubwa wote huo, mnamsema 'amelala' kama mtoto mwenzenu? Wamelala."

Ndivyo alivyosema siku zote. Babu alikuwa mmoja tu, lakini kwa bibi "babu yenu wamekwenda shamba", "babu yenu hawajala". Ni adabu ya Kimakonde aliyoihamishia kwenye Kiswahili chake. Mimi shuleni niliwahi kuandika "baba wamerudi" kwenye insha nikapigiwa mstari mwekundu, na tangu hapo nilikuwa nikimsikia bibi kama mtu anayekosea.

Nikakata "amelala", nikaandika "wamelala". Yule wa kutafsiri akafurahi kuliko wote, kwa sababu Kiingereza nacho kina they inayobeba mtu mmoja usiyetaka kumtaja jinsia. Akatuma usiku uleule, pale mtandao ulipopatikana.

Ramani ilirudi baada ya wiki mbili, nzuri kweli, mto umepindapinda hadi baharini. Chini ya maji walikuwa wamelala watu watatu, wamebanana.

Nilimwonyesha bibi kwenye simu. Akaisogeza mbali na macho, akaitazama muda, kisha akauliza mbona hao wageni hawakutandikiwa mkeka.