Sikufika Svalbard

Ndege ya kwenda Longyearbyen, mji wa Svalbard, iliyotoka Oslo ilitua Tromsø, kaskazini mwa Norwe, nasi tukateremshwa kukaguliwa pasipoti, kwa kuwa visiwa vya Svalbard, ingawa ni vya Norwe, havimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ajabu ni kwamba Svalbard yenyewe, iliyowekewa mkataba wa kimataifa mwaka 1920, haimdai mtu yeyote viza. Viza inadaiwa njiani.

Yangu, niliyopewa Nairobi, ilikuwa ya kuingia mara moja, ijapokuwa barua ya mwaliko wa kozi ilieleza safari nzima, kwenda na kurudi. Afisa wa kwenye kidirisha aliipekua pasipoti ukurasa baada ya ukurasa, akairudia ile viza, akaweka kidole juu ya idadi ya kuingia, kisha akasema kwa upole kwamba kutoka angeniruhusu, ila nikishatoka sitaweza kuingia tena. Nilimpa barua, akaisoma yote, akanirudishia. Wenzangu wa Ulaya walikuwa wakipita bila kuulizwa neno. Begi langu likateremshwa, ndege ikaondoka.

Tromsø ni ghali kupita kiasi: kwa bei ya bakuli moja la supu ya samaki, Mombasa ningenunua samaki aina ya changu wa kulisha nyumba nzima. Jua la Juni halikuzama, nikawa naswali kwa kufuata saa za Makka.

Mtafiti mmoja wa barafu, aliposikia mkasa wangu, alinionyesha tope lililochotwa kwa bomba chini ya bahari na kupasuliwa kwa urefu, tabaka la kijivu juu ya jeusi. Mimi huchota tope la mikoko ya Tudor, Mombasa, kwa njia hiyohiyo, ila letu linanuka. Akanieleza kwamba barafu ya Greenland, kwa uzito wake, huyavuta maji ya bahari kuielekea. Ikiyeyuka, mvuto hupungua, maji ya karibu nayo hushuka, na ya mbali hupanda kuliko wastani. Kwa hiyo maji hayo yatatufikia zaidi sisi wa Kilindini kuliko jirani za barafu, na bado tunaoombwa vibali vya kwenda kuitazama ni sisi.

Tumekubaliana kuandika ombi la utafiti kwa pamoja. Yeye ataleta hesabu za barafu. Mimi nitaleta tope la Tudor, vipimo vya maji vya Mombasa vilivyoanza 1986, na maneno ya wavuvi wa Likoni, ambao hawakungoja mtafiti awaambie kwamba bamvua la siku hizi linafika mahali ambapo zamani halikufika.