Antivirusi ilipoizuia kompyuta ya shangazi kuwaka

Shangazi ana stesheneri nje ya geti la chuo, Morogoro. Kutwa nzima wanafunzi wanamletea fleshi zao aprinti ripoti za fildi, na fleshi hizo zimejaa vile virusi vinavyoficha mafaili na kuacha shotikati. Ndiyo maana alinunua antivirusi ya kulipia. Na hiyo antivirusi ndiyo iliyomfungia duka.

Alinipigia asubuhi. Kompyuta inawaka, nembo inatokea, vidoti vinazunguka, mara skrini inageuka bluu, inajizima na kuanza upya. Fundi wa jirani alishapita na kutoa hukumu yake: "Mama, hapa ni kupiga Windows tu." Elfu ishirini, na jioni unaichukua. Nilimwomba shangazi asimpe mtu yeyote ile mashine mpaka nifike. Kupiga Windows upya ni dawa wanayoipenda mafundi wengi kwa sababu haihitaji kujua ugonjwa, na kwa haraka ile mara nyingi diski inafomatiwa na kila kilichokuwemo kinakwenda. Kwenye diski ya shangazi kulikuwa na hesabu za kikoba chao, zote kwenye Ekseli, hakuna nakala popote.

Nilipofika, baada ya shikamoo, sikugusa kitu. Niliuliza kwanza.

"Shangazi, jana kabla ya kufunga, kulitokea ujumbe wowote?"

"Marahaba mwanangu. Kile kidude cha virusi kiliniambia kimejiapdeti, kinataka kompyuta izimwe na kuwashwa. Nilikuwa na wateja, nikakiambia baadaye. Usiku nikazima kama kawaida."

Kwangu hilo lilitosha kuanza nalo. Antivirusi haikai kama programu za kawaida, kama Word au kivinjari. Sehemu yake moja ni draiva, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kiini cha Windows mapema sana, kabla hata ya skrini ya kuingiza nywila, ili kirusi kisiitangulie. Programu ya kawaida ikikosea inafungwa peke yake. Draiva ya kiini ikikosea, Windows nzima inasimama. Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona jambo hilo kwa ukubwa wake: sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, na ndege, benki na hospitali zikakwama. Miaka mingi kabla, Aprili 2010, sasisho la antivirusi ya McAfee liliiona svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa ni kirusi, na mashine zikawa zinajizima na kuwaka bila kukoma. Kwa hiyo mteja aliyeniambia "antivirusi haiwezi kuua kompyuta" sikubishana naye, nilimwacha aendelee na kopi zake.

Kwanza data. Nilichomeka fleshi yenye Linux Mint, mfumo mwingine unaoweza kuwaka bila Windows, nikabonyeza F9 (kwenye HP ndiyo inayoleta orodha ya kuchagua uwashe kutoka wapi, kwenye Dell ni F12), nikaingia bila kuisakinisha. Diski ikaonekana, folda zikafunguka. Linux ilikataa kuandika humo kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri, lakini mimi nilitaka kusoma tu. Nikahamishia kila kilichokuwa kwenye Desktop, Documents na Downloads kwenye diski ya nje. Hapo hapo nikajua pia kwamba diski ni nzima, na shangazi akapumua. Mashine hii haikuwa na BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Ingekuwa nayo, na kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huja zimefungwa, ningehitaji ule ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute huo kabla ya kushika chochote.

Sasa matengenezo. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua yenyewe ukurasa wa marekebisho. Startup Repair ilizunguka, ikasema imeshindwa. System Restore, inayorudisha Windows ilivyokuwa siku za nyuma, haikuwa na pa kurudi. Ulinzi huo ulikuwa umezimwa tangu siku mashine iliponunuliwa. Nikaenda Startup Settings, inayoleta orodha yenye namba. Namba 8 huzima ile kinga ya mapema ya antivirusi. Nikaijaribu, bluu ikarudi. Namba 4 ni Safe Mode, ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, na watu wengi huokokea hapo. Mimi sikuokoka. Baadhi ya antivirusi hujiandikisha ziwake hata huko.

Lakini ile bluu ilikuwa na faida yake. Chini kabisa iliandika jina la faili linaloishia na .sys, yaani faili la draiva, linapita haraka, nikalinasa kwa video ya simu. Nikafungua dirisha la amri kutoka kwenye ukurasa wa marekebisho.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitaenda polepole. Ukiwa kwenye marekebisho, herufi za diski zinaweza kubadilika. Dirisha linaanzia X:, ambayo ni mfumo wa muda tu uliopakiwa kwenye RAM, na Windows yako huenda isiwe C:. Yangu ilikuwa D:. Niliandika dir D:\Windows kuhakikisha, kisha dir D:\Windows\System32\drivers /o-d, inayopanga mafaili kuanzia jipya. Juu kabisa yalikaa mafaili ya jioni ya jana, na lile la kwenye video likiwa miongoni mwao.

Ungeweza kulibadilisha jina na kuwasha. Mimi sipendi njia hiyo, maana Windows ikiambiwa draiva fulani ni ya lazima halafu isiione, inaweza kugoma kwa sababu mpya. Ni salama zaidi kuiambia kwenye rejista, daftari la mipangilio ya Windows, kwamba draiva hiyo isiwashwe:

reg load HKLM\DUKA D:\Windows\System32\config\SYSTEM

Baada ya hapo, chini ya DUKA\Select, thamani ya Current inakuambia seti ipi inatumika. Ilikuwa 1, yaani ControlSet001. Humo, kwenye Services, kila draiva ina thamani inayoitwa Start: 0 maana yake inapakiwa mwanzo kabisa, 4 maana yake imezimwa. Ile ya kwetu ilikuwa 0. Nilipiga picha ya thamani ya zamani, nikaandika 4. Niliangalia pia UpperFilters, orodha ya draiva zinazopachikwa juu ya nyingine, kwenye kundi la draiva za diski, kwa sababu antivirusi ikiwa imejipachika hapo, ukiizima tu Windows itashindwa kuiona diski yenyewe. Haikuwemo. Nikamaliza na reg unload HKLM\DUKA, nikawasha.

Vidoti vikazunguka, vikazunguka, nywila ikaja.

Antivirusi ilikuwa bado imo, nusu hai. Kuiondoa kwa njia ya kawaida kulikwama katikati, nikashusha kwa hotspoti ya simu kile kifaa cha kuondolea ambacho watengenezaji wengi hukitoa, nikakiendesha ndani ya Safe Mode, ambayo sasa ilikubali. Ilipotoka, Defender, antivirusi inayokuja na Windows, ikajiwasha yenyewe. Nikawasha System Restore, nikatengeneza fleshi ya Windows ya GB 8 ikae kwenye droo ya shangazi, na nakala ya kikoba sasa inakwenda kwenye diski ya nje kila Ijumaa baada ya kikao.

Mafaili ya ajali yaliyobaki kwenye C:\Windows\Minidump niliyatuma kwa watengenezaji wa ile antivirusi. Wamejibu kwamba wanayafanyia kazi. Leseni ina miezi kadhaa bado, na shangazi anasema pesa yake haiwezi kwenda bure, antivirusi irudishwe kwenye mashine wakitoa toleo jipya. Mimi nasema Defender inamtosha, alimradi kila fleshi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Bado tunabishana.